Si jini, ni tembe: dawa zinapokutana mwilini

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, yapata saa tatu za usiku, binamu yangu alinipigia simu kutoka Makina, Kibera. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Kaka, mama amepagawa," akaniambia. "Anazungumza na baba."

Baba yake, mume wa shangazi yangu, alifariki miaka tisa kabla ya usiku huo.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa, na riziki yangu ni kuuza dawa Kawangware, hatua chache kutoka steji ya 46. Shangazi aliolewa Kibera na Mnubi angali kijana mbichi na hakurudi tena Pwani ila kwa harusi na matanga. Nilimjua kwa akili zake. Ana miaka 71 lakini hesabu ya chama cha wanawake wa mtaa mzima ameiweka kichwani, na ole wako umdai shilingi ambayo hudai. Kusikia kwamba mtu huyo anamwambia marehemu mumewe asogeze kiti kulinitia baridi kuliko ile ya Julai.

Nilipofika nilikuta nyumba imejaa. Udi unafuka, mama wa jirani anasoma Yasini kwa sauti ya chini, na watoto wa mtaa wanaomwita habooba wamekusanyika mlangoni. Shangazi ameketi kitandani akinyofoanyofoa kitu kwenye kanga yake, kama mtu anayetoa nyuzi, na nyuzi hazipo. Hakunitambua. Midomo imekauka hadi ulimi unatoa sauti ya kunata kila akisema neno. Nilimshika mkono, ngozi ni ya moto na kavu kabisa, huku sisi sote tumevaa masweta. Nikawasha taa ya simu nikamulika macho. Mboni zilikuwa zimepanuka, na mwanga ulipoingia hazikusinyaa inavyopaswa.

Nikamuuliza binamu: "Amekojoa saa ngapi?" Akashangaa swali lenyewe. Akafikiri, akasema labda jana usiku.

Kisomo siwezi kukibeza, nimelelewa nacho na nilimwachia mama yule aendelee. Lakini nilimwomba binamu aniletee beseni na atie humo kila dawa iliyo ndani ya nyumba: ya kabatini, ya mkobani, ya chini ya mto. Mmoja wa majirani alikuwa ameshapendekeza shangazi apelekwe zahanati ya karibu achomwe sindano ya kumtuliza. Niliposikia hilo nikasema hapana, na sababu nitaieleza baadaye.

Ndani ya beseni mlikuwa na nifedipini ya presha na metformini ya kisukari, zote kutoka kliniki ya hospitali anakokwenda kila mwezi. Mlikuwa na amitriptilini ya miligramu 25, aliyoandikiwa huko huko kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku, maana kisukari kinachoma mishipa ya fahamu. Alitakiwa ameze moja, lakini kwa kuwa baridi ilizidi na miguu ikazidi, alikuwa akimeza mbili. Mlikuwa na vidonge vya mafua kutoka duka moja la dawa upande wa Olympic, vimo katika kile kibahasha kidogo kilichoandikwa "1×3" na jina la dawa hakuna. Mlikuwa na tembe za haiosini za msokoto wa tumbo, ambazo wengi huzijua kwa jina la Buscopan, alizopewa na jirani yake mwema. Na chini kabisa mlikuwa na Piriton, ndani ya kibahasha chenye mwandiko wangu mimi mwenyewe.

Siku nne kabla, shangazi alinitumia kijana. Mwili unamwasha, nimpelekee kitu. Nikafunga tembe kumi, nikaandika namna ya kumeza, nikampa kijana. Sikuuliza anameza nini kingine. Miaka yote hii nikiwauliza wateja nisiowajua, sikumuuliza dada wa baba yangu.

Sasa tuelezane dawa hizi zinafanya nini, kwa sababu ukiielewa kazi yake moja, utazielewa zote.

Mwilini mwetu kuna mambo mengi yanayoendelea bila sisi kuamua: mate kutoka, jasho kutoka, utumbo kusukuma chakula, kibofu kujikamua, mboni kusinyaa juani, moyo kupunguza mwendo tukipumzika. Mishipa ya fahamu ndiyo inayotoa amri hizo, na mshipa haugusani moja kwa moja na kiungo. Unatema kemikali kidogo, na kemikali hiyo ndiyo inayopeleka habari. Mtu aliyethibitisha hilo ni Otto Loewi, mwaka 1921, katika mji wa Graz huko Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa unaopunguza kasi ya moyo wa kwanza, kisha maji yaliyouzunguka moyo huo akayamimina kwenye moyo wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyeugusa. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia usingizini, akaandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake, hadi lilipomrudia usiku uliofuata. Kemikali ile ni asetilikolini, na mwaka 1936 yeye na Mwingereza Henry Dale walipewa tuzo ya Nobel.

Asetilikolini ikifika kwenye kiungo hukaa mahali pake maalumu, mfano wa dereva anayeingia kwenye kiti chake, na gari likaondoka. Dawa tunazozizungumzia hapa kazi yake ni kumtangulia dereva. Zinakaa kwenye kiti, haziwashi gari wala hazishuki. Dereva halisi anafika, anakuta kiti kina mtu, anasimama nje.

Dawa hiyo ikiziba kiti cha tezi za mate, mdomo unakauka. Cha utumbo kikizibwa msokoto unatulia, na ndiyo faida ya haiosini, lakini ukizidisha choo kinafunga. Cha kibofu kikizibwa, mkojo unajaa na hautoki. Jasho linakatika, mwili unapanda joto. Mboni zinabaki wazi, na mtu haoni vizuri cha karibu. Mwenye presha ya macho ya aina fulani anaweza kupoteza macho yenyewe. Moyo unakimbia kwa kuwa breki yake imeondolewa. Na ubongoni, ambako asetilikolini ni sehemu ya kumbukumbu na utulivu wa fikira, mtu anaweweseka: anaona wasiokuwepo, anaongea nao, ananyofoa nyuzi zisizokuwepo kwenye nguo. Madaktari wanaujua sana mnyofoo huo, ni miongoni mwa dalili zinazowafanya washuku dawa za aina hii.

Msomaji atauliza: Piriton hii tunayowapa watoto, ndiyo unayoitisha hivyo? Kijana mwenye afya akimeza tembe moja ya Piriton atasinzia kidogo, mdomo utakauka, basi. Hata amitriptilini peke yake imewapa usingizi watu wengi waliokuwa wakilia na miguu. Shida ni kwamba dawa hizi hazijitangazi kuwa ndugu. Moja ni ya mzio, nyingine ya tumbo, nyingine ya mishipa, nyingine ya mafua, na kila moja inauzwa kwa jina lake na rangi yake. Mwili haujali uliimeza kwa sababu gani. Unahesabu viti vilivyozibwa.

Marekani kuna wataalamu ambao mwaka 2008 walitoa jedwali la kuhesabu mzigo huo. Dawa yenye mzigo mdogo ina alama 1, yenye mzigo mkubwa ina 3, na mzee akifikisha jumla ya 3 au zaidi, anayemtibu anatakiwa asimame atafakari. Nilimhesabia shangazi usiku ule ndani ya teksi. Amitriptilini, 3, na alikuwa akiimeza mara dufu. Klofeniramini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Piriton, 3. Nifedipini, 1. Tumeshafika 7. Vile vidonge vya mafua visivyo na jina, vilipokuja kutambuliwa hospitalini, vilikuwa na klofeniramini ile ile ndani yake, kama zilivyo dawa nyingi sana za mafua, kwa hiyo alikuwa akimeza Piriton mbili bila kujua, moja ya kwangu na moja ya Olympic. Haiosini ya jirani haipenyi kwa urahisi kuingia ubongoni, hiyo ni kweli, lakini kibofu hakikusamehe. Na kumbuka ana miaka 71: ini na figo za mzee zinasafisha dawa polepole, ya jana inaikuta ya leo bado ipo.

Hakuna hata mmoja katika sisi aliyempa sumu. Hospitali ilitoa dawa sahihi kwa miguu. Duka la Olympic lilitoa dawa ya mafua kwa mwenye mafua. Jirani alitoa kwa mapenzi. Mimi nilitoa ya kuwasha kwa anayewashwa. Mikono minne, na kila mmoja uliona tembe yake tu.

Ile sindano ya kumtuliza ndiyo ingekuwa mkono wa tano. Sindano zinazotumika sana kwa mtu "aliyerukwa na akili" ni klopromazini au promethazini, na zote mbili ni za ukoo huu huu, alama 3 kila moja. Angetulia, naam. Angetulia tukidhani amelala.

Hospitalini daktari alimsikiliza binamu, akalitazama beseni kuliko alivyotazama kadi ya kliniki, akagusa tumbo chini ya kitovu na kukuta pamejaa. Walimwekea mpira wa mkojo. Ulitoka mkojo unaozidi lita moja. Wakasimamisha dawa zote za ukoo ule, wakampa maji, wakampima sukari na maambukizi ili wahakikishe hakuna jingine limejificha, wakangoja. Jumamosi alishinda akiweweseka. Jumapili alasiri aliniangalia akasema, "We mtoto, mbona umekonda?" Nikatoka nje ya wodi kidogo.

Upande wangu, Kawangware, dawa za ukoo huu zina sura nyingine. Kuna tembe iitwayo Artane, kwa jina la kitaalamu benzheksoli. Watu wanaotibiwa maradhi ya akili, wengi wao wakifuata kliniki ya Mathari, hupewa dawa kama haloperidoli ambazo zinatuliza sauti kichwani lakini kwa baadhi zinakakamaza mwili: mikono inatetemeka, shingo inapinda, taya linakaza. Artane inalegeza mkakamao huo. Kwa mgonjwa huyo ni rehema. Lakini ukiimeza nyingi inakupa yale yale yaliyompata shangazi, na wapo vijana wanaoyatafuta kwa makusudi, wanazichanganya na pombe ya vichochoroni, na miraa, na zile tembe za usingizi ambazo kwetu Pwani tunaziita bugizi. Hapo hesabu haiwezekani tena. Pombe na bugizi zinapunguza pumzi, Artane inakimbiza moyo na kukata jasho, na asubuhi kijana hakumbuki alikuwa wapi wala nani alimchania shati.

Wanaoumia zaidi ni wagonjwa wenyewe. Yuko kijana mmoja anayekuja na mamake akiwa na cheti halali cha daktari. Mamake aliniambia zile tembe hazifiki hata wiki mbili, marafiki wa mwanawe wanazimaliza, kwa kuomba au kwa kumpiga. Na kabla sijamjua, mimi mwenyewe siku moja nilimfukuza dirishani nikimdhania ni mtafutaji stimu kama wengine. Tangu hapo nikiombwa Artane natazama kwanza mikono ya anayeomba, kisha cheti. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hizi zisigawiwe tu kwa kila anayeanza matibabu ya akili, ati kwa tahadhari, bali wapewe wale ambao mkakamao umewapata kweli na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Naliafiki. Zikipungua mifukoni, zitapungua vichochoroni.

Kwa msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu nina jambo moja la ziada. Nairobi ina baridi, na mtu aliyekatika jasho anaweza kuponea hapo. Kwetu, wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, mwili hauna njia nyingine ya kupoa ila jasho. Mchukuzi wa Kongowea aliyemeza dawa mbili tatu za aina hii kisha akabeba magunia juani, au bibi aliyefungiwa kwenye chumba cha mabati akiwa na mafua, anaweza kupanda joto hadi akaanguka. Mkimkuta mtu ni wa moto, mkavu, anaongea ovyo, msimfunike blanketi mkisema ni malaria. Mpozeni kwa maji na mumkimbize hospitali.

Sumu hii wala si ya viwandani peke yake. Atropini na haiosini asili yake ni mimea, na mmoja wao mnaujua: mnanaha, ule wenye ua jeupe la tarumbeta na tunda la miiba, unaoota majalalani bila kualikwa. Mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2019, kule Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kunywa uji wa mahindi na soya wa msaada wa chakula uliokusudiwa akina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Walikuwa wakiweweseka, hawajitambui. Maabara ikakuta atropini na haiosini ndani ya unga. Mnanaha huota kama gugu katikati ya mashamba ya soya, na mbegu zake zisipochambuliwa huvunwa na kusagwa pamoja. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasimamisha ugawaji. Hebu fikiria nyumba ngapi katika vijiji vile, siku ya kwanza, waliitwa waganga kabla hajaitwa mtu wa afya.

Na bado atropini hiyo hiyo, mkononi mwa daktari, inaokoa. Mtu akinywa dawa ya kuua wadudu wa shambani, asetilikolini inafurika mwilini kwa kuwa kinachoiondoa kimelemazwa: mate yanamwagika, mapafu yanajaa maji. Atropini inachomwa, tena na tena, mpaka mapafu yakauke.

Siku hizi, mteja akiomba Piriton namuuliza mambo matatu. Una miaka mingapi? Unameza nini kingine, hata cha jirani? Mkojo na choo viko vipi? Mzee wa kiume anayesimama msalani muda mrefu kwa sababu ya tezi dume simuuzii. Namtafutia dawa ya mzio isiyosinzisha, kama loratadini au setirizini, ambazo mzigo wake ni mdogo. Wengine wananuna, foleni inarefuka, na mwenye duka amenitazama vibaya mara kadhaa. Na yeyote anayejigundua kwamba anameza amitriptilini au Artane aliyoandikiwa na daktari, asiikate ghafla kwa sababu amesoma makala yangu, maana kuikata ghafla nako kuna mateso yake. Aende na mfuko mzima kwa aliyemwandikia. Mfuko mzima, pamoja na vibahasha visivyo na jina. Na ukipewa kibahasha cha "1×3" bila jina, mrudishie muuzaji kalamu.

Shangazi sasa anazo dawa zake ndani ya mkebe wa biskuti, na kliniki ilimbadilishia ile ya miguu. Mwezi uliopita nilimtembelea nikiwa na mafua. Akanitazama, akafungua mkebe, akaufunga. "Hapa hakuna chako," akasema. "Kunywa chai ya tangawizi." Kisha akanivuta karibu ili binamu asisikie, akaniuliza jambo ambalo kumbe lilikuwa likimsumbua tangu Julai: usiku ule, alipokuwa akizungumza na mumewe, je, mumewe alimjibu?